Seilsmani ananibembeleza nichukue lori nzima kwa deni siku 60, hii ni dalili ya nini?

Mlango_Mbili (Nakuru)

Wasee habari zenu. Mimi niko na hadiwea hapa Nakuru, si kubwa, milango miwili tu, nauza mabati, simiti, misumari, rangi, mabomba, vitu za ujenzi kwa ujumla. Kuna kitu imenisumbua wiki nzima na nimeona niulize huku kabla sijajifanya mjanja nikaumia.

Mnakumbuka mwanzo wa 2024 venye dola ilikuwa imepanda mpaka karibu 160. Wakati huo seilsmani wangu wa mabati alikuwa mfalme. Unampigia asubuhi anakupa bei, ukimpigia mchana anakwambia hiyo ya asubuhi imekufa. Deni hakuna, ni kutuma pesa kwanza. Kuna siku lori imefika hapa saa kumi na moja jioni, nimeshatuma pesa lakini mtandao wa benki ukalala, na dereva ameambiwa asifungue turubai mpaka ofisi impigie. Tumekaa hapo nje mimi na yeye na makuli wanne tunakula mahindi choma mpaka saa mbili usiku, mabati iko hapo hatua tatu kutoka kwa mlango wangu na siwezi kugusa hata moja. Miaka saba nanunua kwa hao watu lakini hiyo siku nilikaa kama mtu anangojea kuiba.

Sasa wiki iliyopita jamaa yuleyule amekuja dukani mwenyewe bila kuitwa, shati ya kampuni imepigwa pasi, akakubali chai (hajawahi kubali chai), akaniambia nichukue lori nzima nilipe baada ya siku 45. Mimi nikanyamaza. Si ati najua kubageini, nilikuwa natafuta kalkuleta chini ya kaunta. Akadhani nimekataa akasema basi 60. Kidogo akaongeza, kila mabati 100 ananipa 3 za bure na usafiri ni juu yao. Lakini nikiangalia bei kwa karatasi yake ni ileile ya mwaka jana, haijashuka hata shilingi.

Sasa mimi sielewi. Kwa habari wanasema riba imeshuka na mambo yanafunguka, hapa kwa kaunta naona fundi anaingia kununua misumari robo kilo, robo jameni, na mtu wa kujenga nyumba anachukua mabati tano leo anasema zingine mwezi ujao. Huyu sapulaya kulegea hivi ni uchumi unakuja juu ama unaenda chini? Na nichukue hiyo lori ama niwachane nayo?

Karani_wa_Madeni (Kisumu)

Ndugu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Nimekaa kwa meza ya madeni ya holseli moja hapa Kisumu miaka kumi na moja, kazi yangu ilikuwa kuamua nani apewe mali, ya pesa ngapi na kwa siku ngapi, kwa hivyo nikwambie venye inaonekana ukiwa upande ule wa meza.

Bei ya karatasi ndiyo kitu ya mwisho kuguswa. Soko ikilala, mkubwa hawezi kutangaza ameshusha bei, juu ukishusha kila mteja anasikia, mshindani anashusha pia kesho yake, na siku mambo yakirudi ukitaka kupandisha watu wanakuona adui. Kwa hivyo tunaanza na vitu zenye hazionekani. Kwanza siku, mtu wa 30 anapewa 45. Halafu usafiri. Halafu hizo bonasi, tatu kwa mia, katoni moja kwa kumi. Hizo zote unapeana kwa mdomo, kwa mtu mmoja mmoja, na mwenye duka jirani hajui. Ukipiga hesabu hizo mabati 3 za bure peke yake ni kama asilimia 3 ya bei imeshuka, weka usafiri, weka miezi miwili ya kukaa na pesa yao bila riba, bei yako imeshuka vizuri sana na karatasi haijasema kitu. Ndio maana mtu akichungulia bei za vitabu pekee hawezi kuona kitu mpaka imechelewa, seilsmani na karani wanakuwa wamejua miezi kadhaa mbele.

Soko ikiwa moto inaenda kinyume, tena haraka. Siku zinakatwa, limiti inakatwa, mtu anaambiwa alete cheki ya tarehe ya mbele, na hakuna anayekunywa chai yako.

Wamarekani wamefanya hii kuwa kipimo kabisa. Chama chao cha mameneja wa madeni, NACM, tangu 2002 kila mwezi kinauliza wanachama wao: mauzo yako aje, maombi mapya ya deni ni mengi ama machache, pesa inakusanywa, umepeana deni la kiasi gani, na upande wa pili umekataa maombi mangapi, madeni mangapi yamepelekwa kwa wakusanyaji, wangapi wamepitisha tarehe, wangapi wanabishana na invoisi, wangapi wanakata pesa kwa malipo, wangapi wamefilisika. Inatoka namba, juu ya 50 mambo yanapanuka, chini ya 50 yanasinyaa.

Hapa kwetu yenye iko karibu ni ile PMI ya benki ya Stanbic, kipimo cha biashara cha kila mwezi, inauliza kampuni kama 400 kuhusu oda mpya, kazi, wafanyakazi, stoki na muda sapulaya anachukua kuleta mali. Haiulizi siku za kulipa. Lakini ile swali ya muda wa kuleta iangalie vizuri, kwa sababu kwa hesabu yao sapulaya akianza kuleta haraka inavuta namba chini, maana hana foleni ya oda. Yako ikiagizwa inachukua siku ngapi siku hizi?

nyama_ya_ulimi

Mimi nikipewa siku 60 nalala siku 59 halafu naamka nazima simu.

Karani_wa_Madeni (Kisumu)

@nyama_ya_ulimi nakujua wewe, ulikuwa ukurasa wa mwisho kwa ledja yangu.

Mama_wa_Kibuye

Mwalimu Karani ameongea vizuri lakini amesahau dola na mimi sitanyamaza. Nauza vyombo vya plastiki na sufuria hapa soko la Kibuye, Kisumu, mali natoa Kamukunji, Nairobi, kwa wenye kontena. Hiyo 2024 mwanzo nilinyimwa deni kama huyu kijana wa Nakuru, na si ati wateja walikuwa wengi, Kibuye ilikuwa inalia! Mwenye kontena alininyima kwa sababu hakujua atanunua ingine kwa dola ya ngapi. Akinipa sufuria leo kwa deni la siku 30, na dola ipande katikati, pesa nitakayomletea haitoshi kununua sufuria ileile. Ni woga tu. Kwa hivyo msiseme deni likikazwa ni uchumi moto na likilegezwa ni uchumi baridi, hapana. 2024 lilikazwa na uchumi ulikuwa mgonjwa.

Halafu shilingi ikarudi mpaka kama 129 na ikakaa hapo, woga ukaisha. Na benki nayo, CBK, ile Benki Kuu, ilikuwa imepandisha riba yake mpaka asilimia 13 hiyo Februari ya 2024, Agosti wakaanza kuteremsha polepole, ilipofika Agosti 2025 ilikuwa 9.50. Huyo mwenye mabati pesa anakopa mahali pia. Riba yake ikishuka, kukaa na deni lako miezi miwili hakumuumi kama zamani.

Kwa hivyo kuna sababu mbili tofauti kabisa za mtu kukubembeleza. Moja, yuko na pesa ila hana wateja. Ya pili, hana pesa na anataka karatasi yenye sahihi yako akaonyeshe benki ama bosi. Mimi nawatenganisha hivi: namwambia asante kwa siku 60, sasa niambie nikikulipa leo pesa mkononi unanipunguzia ngapi? Akisema asilimia moja, ama acheke tu, yuko sawa, anatafuta wateja. Akiruka haraka akupe nne, tano, huyo ana kiu ya pesa, kaa macho, juu kiwanda chenye kiu leo kinaweza kukuletea gauge (unene wa bati) si yenyewe kesho ama kifungwe na hela yako ya oda iko ndani.

Karani_wa_Madeni (Kisumu)

Mama nakubali, dola niliiacha na sikufaa. Na hiyo mbinu ya kuuliza bei mbili ni ya kikazi kabisa, watu wa vitabu wanaiita kwa majina makubwa lakini ni hiyo tu.

Niongeze hesabu kidogo kwa huyu wa Nakuru. Watu wanadharau asilimia ndogo. Tuseme invoisi ni 400,000, masharti ni ulipe siku 30, lakini ukilipa ndani ya siku 10 unakatiwa asilimia 2. Hiyo ni 8,000 kwa kulipa siku 20 mapema. Ukiigeuza kwa mwaka mzima inakuja karibu asilimia 37! Mtu anayeacha hiyo diskaunti anakopa kwa sapulaya kwa 37 na hajui, anafikiri ni deni la bure. Benki ikikupa 392,000 kwa riba ya 15 kwa hizo siku 20 inakula kama 3,200, unabaki na karibu 4,800 mkononi. Ila ni benki ama sacco nasema, mikopo ya simu ya asilimia 7 kwa mwezi achana nayo, hapo unalipa diskaunti yote na juu yake.

Agroveti_Kitale

Hamjambo. Hapa Kitale mambo ni ya msimu, mkichanganya msimu na uchumi mtapotea. Mwezi wa tatu mvua ikianza hakuna mtu wa mbegu anakupa siku 60 hata umpikie kuku, mali inaisha yenyewe. Mwezi wa sita ananipigia yeye. Mimi nikitaka kujua mwaka uko aje nalinganisha Machi na Machi ya mwaka jana, si Machi na Juni. Wewe wa mabati pia una msimu, Desemba watu wa Nairobi wanarudi nyumbani wanaezeka, Januari pesa yote inaenda fees. Seilsmani amekuja mwezi gani?

Kitu ingine. Tangu serikali ianze kuuza mbolea ya ruzuku gunia la kilo 50 kwa 2,500, wale wa mbolea za kampuni wamekuwa wapole ajabu kwangu, siku, bonasi, kofia, ndoo, kila kitu. Je, wakulima wa Trans Nzoia wameacha kupanda? Wapi. Ni vile kuna mshindani mwenye hawawezani na bei yake. Kwa hivyo pia chungulia kama hakuna kiwanda kipya cha mabati kimefunguliwa huko karibu na nyinyi, inaweza kuwa hiyo tu na uchumi hauna habari.

Njugu_Karanga (Njoro)

Mimi niko upande wa wale wanaolia machozi. Nasaga siagi ya karanga, naweka kwa chupa, nauzia madukani na supamaketi. Naona wote hapa mnasema sapulaya ndiye anaamua, mimi sijawahi amua chochote. Kuna supamaketi moja, sitaitaja, tulianza na siku 30, wakaniandikia barua moja tu kwamba kuanzia tarehe fulani ni 90. Barua ya mistari minne. Sikuulizwa. Na bado wanakata ya promosheni, wanakata ya chupa zimevunjika kwa rafu yao wenyewe.

Ukiandika hiyo kwa ripoti ya kampuni inaonekana ni ushindi, tumepata masharti bora kutoka kwa masapulaya. Sisi watu wa Nakuru tunafaa kuwa wa kwanza kujua hiyo hadithi, juu hizi supamaketi kubwa zilizaliwa kwetu. Nakumatt jina lenyewe limetoka kwa magodoro ya Nakuru. Tuskys na Naivas zilianzia Rongai hapo. Nakumatt ikaendelea kuchukua mali na kuchelewesha pesa, siku zikarefuka, mpaka rafu zikaanza kuonekana ubao, na Januari 2020 wanaodai wakapiga kura ifungwe. Mwenye alikuwa anaangalia siku za kulipa alijua zamani. Mwenye alikuwa anaangalia idadi ya matawi ndiye alishangaa.

Kabla hata ya hiyo kura sheria ya ushindani ilikuwa imeshawekwa kipengele cha kuzuia mnunuzi mkubwa kukandamiza muuzaji mdogo, na Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ikapiga Majid Al Futtaim, wale wanaoendesha Carrefour hapa Kenya, faini ya shilingi bilioni 1.1, kesi ya muuza asali na kampuni ya mafuta ya kupika. Muuza asali! Nilisoma hiyo habari mara mbili na chupa yangu ya karanga mkononi.

Kwa hivyo swali langu kwa Karani, ukisikia siku zimeongezwa, uliza kwanza ni nani ameziongeza. Muuzaji akizitoa mwenyewe ni kitu moja, mnunuzi akizinyakua ni kitu ingine kabisa.

Mlango_Mbili (Nakuru)

Asanteni sana, sikutegemea kusoma hivi. Jana usiku nimefunga duka nikafungua kitabu changu cha madeni, kile cha kava nyeusi, na nikaona kitu sikupenda.

Makontrakta wangu wote nawaandikia siku 30. Kwa karatasi haijabadilika tangu nifungue. Nikahesabu walilipa lini kwa ukweli. 2022 walikuwa wanalipa siku 35, 40. Hawa wa mwaka huu ni 70, mmoja ni 110 na bado ananisalimia kanisani. Nikimwuliza anasema kaunti moja huko magharibi haijamlipa ya zahanati aliyojenga, ana cheti cha kukamilisha kazi, amepiga lamineti. Kaunti ikichelewa naye anachelewa, mimi nachelewa kwa mtu wa simiti. Kumbe ni mnyororo.

@Agroveti amekuja wakati wa kawaida, nimelinganisha na mwaka jana mwezi huohuo, hakuja. Kiwanda kipya sijaskia.

@Mama_wa_Kibuye nimemwuliza hiyo swali yako leo asubuhi kwa simu. Nikamwambia 60 sitaki, nikikulipa kashi? Akanyamaza. Akasema ngoja nikupigie. Dakika kumi hivi akarudi: asilimia 4, na zile 3 kwa mia ziko palepale, ila pesa iingie kabla ya tarehe 28.

Karani_wa_Madeni (Kisumu)

Hapo kwa kitabu chako umejijibu mwenyewe. Masharti yaliyoandikwa ni ahadi tu, siku walizolipa kweli ndizo kipimo. Sisi tulikuwa tunaziandika kwa penseli pembeni ya jina, na hizo namba za penseli ndizo bosi alikuwa anaulizia, si zile za wino. Yako imetoka 40 ikaenda 70, hiyo ni wateja hawana pesa, haijalishi habari ya saa tatu imesema nini.

Na angalia hatari, ukichukua kwa 60 na unalipwa kwa 70 umekuwa benki ya kaunti kwa siku 10 na hata hawakujui. Usiweke sahihi kwa cheki ya tarehe ya mbele ukitegemea huyo wa kanisani. Cheki ikibaunsi inaweza kukuletea kesi, si deni tu.

Asilimia 4 kwa siku 60 ni kama 25 kwa mwaka, inashinda benki. Kama una kashi yako imelala, chukua ya kashi. Tarehe 28 ni target ya mwezi hiyo, naijua, tulikuwa tunakimbia hivyohivyo.

Mama_wa_Kibuye

Target, ama siku ya kulipa benki. Dakika kumi ni haraka sana kwa mtu mwenye amesema ngoja nikupigie. Kijana usichukue lori nzima. Na usilipe kabla mali ifike.

Mlango_Mbili (Nakuru)

Nimechukua nusu lori, kashi, nimelipa ikishashushwa. Gauge nimepima kipande kwa kipande na ile kitu ya fundi, iko sawa. Dereva alikuwa yuleyule wa mahindi choma, alifungua turubai kabla hata sijatoka kwa kaunta.

Karani_wa_Madeni (Kisumu)

Hukunijibu lile swali. Ilichukua siku ngapi kufika?

Mlango_Mbili (Nakuru)

Niliagiza jana saa tisa mchana. Leo saa nne ilikuwa hapa. Zamani ilikuwa nne, tano hivi.

Karani_wa_Madeni (Kisumu)

Siku ama saa?

Mlango_Mbili (Nakuru)

Siku.

nyama_ya_ulimi

Sasa hiyo nusu lori ingine nani amechukua, ama imerudi nayo?

Mlango_Mbili (Nakuru)

Haikuwa na ingine. Ilikuja nusu tupu, ya kwangu peke yake.